Bomba la Ukuta wa Choo

Mimi sikuzaliwa na hasira. Hasira nilipewa na ofisi ya mji. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa mtaani kwetu ambao wakisimulia habari za bomba huanza na ulimi wangu, kana kwamba ulimi wangu ndio uliochimba mtaro, ukalaza chuma na kukipandisha ukutani. Basi nitaisimulia mwenyewe. Nilikuwapo tangu barua ya kwanza.

Mtaa wetu unaitwa Kwa Turki. Uko ng'ambo ya reli, pale mji wa Tanga unapochoka na minazi kuanza. Ardhi ni ya Turki bin Yaarub, Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa, na sisi tulijenga kwa ruhusa yake. Tulikuwa nyumba ishirini na tatu za udongo na makuti. Idadi naijua vizuri kwa sababu nilizizungukia zote kutafuta vidole gumba vya kutia kwenye barua.

Maji tulikuwa tukiteka katika kisima alichochimba marehemu baba yake Turki na kukitoa wakfu. Yalikuwa maji ya chumvichumvi. Chai yake haikukolea sukari, na mbaazi ziligoma kuiva mpaka kuni ziishe. Lakini yalikuwa karibu. Mwaka wa hamsini na nne akaja bwana afya na vichupa vyake, akateka, akaenda zake, akarudi na karatasi. Alisema vyoo vyetu vya shimo viko karibu mno na kisima na uchafu unapenya chini kwa chini. Wiki haikuisha likaja gari la mawe, kisima kikajazwa mpaka mdomoni. Tukaambiwa tuvumilie, bomba linakuja.

Kuvumilia tulivumilia. Bomba ndilo halikuja. Kwa mwaka mzima tukawa tunateka kwenye bomba la stesheni, kiasi cha maili moja kwenda, na kurudi ni maili ile ile, ila debe limejaa. Na huko ndiko Saleha alikoharibikiwa.

Saleha ni mke wa mwanangu Idarusi. Idarusi anafanya kazi kiwanda cha mkonge upande wa Pongwe. Huja nyumbani Jumamosi, Jumapili jioni keshaondoka. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, mimi na yeye. Alitoka Kigombe, mpole, si mtu wa maneno mengi, na kwa kuwa maneno ya nyumba nzima nilikuwa nayo mimi, tulikaa vizuri. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika miezi mitano siku alipojikwaa kwenye reli na debe kichwani. Debe lilianguka, naye akaketi chini palepale kwenye kokoto. Wanawake wawili walimshika wakamleta nyumbani, na kabla ya magharibi mimba ikatoka. Alikuwa mwanamume. Tulimsafisha kwa maji ya kuazima, kwa sababu ya kwetu yalikuwa yamemwagika relini.

Nikaapa siku ile, tena mbele ya watu, kwamba Saleha hatavuka reli na mimba nyingine. Ndipo nikamwendea Maalim Uweso, imamu wetu, mwenye hati nzuri, nikamwomba aandike. Alipomaliza habari za bomba akaniuliza kama, kwa kuwa karatasi bado ina nafasi, tuombe pia choo cha mtaa, maana vyetu bwana afya keshavilaani. Nikamwambia atie vyote. Laiti ningeliinunua karatasi ya pili.

Jawabu lilichukua miezi saba. Lakini lilikuja, na lilikuja na gari, saruji, mabomba, na msimamizi mmoja Mbondei wa Muheza aliyeitwa Ernesti. Saleha alikuwa na mimba changa tena, nami nikaona Mungu amepanga mambo yake sawasawa. Nilikuwa nikiwapikia mafundi uji bila kuombwa. Wakajenga choo cha matofali ya saruji, mlango wa wanaume huku, mlango wa wanawake kule, choo cha kuvuta mnyororo maji yakashuka na kupeleka kila kitu kwenye karo lililofunikwa huko nyuma. Hatujawahi kuona choo kama kile. Kisha siku ya mwisho wakaweka bomba letu la maji. Walilitia ukutani, kwenye ukuta wa choo, katikati ya milango miwili.

Nilimwendea Ernesti pale pale. Nilimwonyesha mti wa mkungu ulio mbele, penye kivuli, mahali ambapo mtaa mzima ulijua tangu zamani kwamba ndipo bomba litakapokuwa. Hakunibeza, nasema haki yake. Alinieleza kwamba maombi yalikuja kwenye barua moja, yakatiwa katika jalada moja, yakachorewa ramani moja, na chuma kikakadiriwa cha kufika chooni tu. Mpaka kwenye mkungu pangehitajika futi arobaini zaidi. Yeye anafuata ramani.

Futi arobaini! Mtu mzima akilala chini mara saba anazimaliza.

Sasa nieleze kwa nini tulikataa, maana vijana wa leo husema tulikuwa washamba. Kwanza mtu anateka maji ya kunywa na ya kutawadhia huku nyuma ya mgongo wake watu wanaingia na kutoka na makopo yao, na sakafu ni moja, na rasharasha haina adabu. Maalim Uweso aliulizwa, akasema kwa sheria maji yaliyo ndani ya chuma ni tohara, hayana kosa lolote; kosa ni la mahali. Ukimuuliza basi tuteke au tusiteke, alikuwa akizichezea tasbihi zake. Msikiti wake una birika la maji ya mvua.

Lakini lililotukata kabisa lilikuwa la pili, nalo lilinipata mimi. Siku ya pili ya bomba nilikwenda na debe langu asubuhi, nikainama kufungua. Mlango wa wanaume ukafunguka, akatoka Safari, kikoi mkononi bado anakifunga, kopo mkono wa pili. Safari ni mume wa binti yangu Kijakazi. Ni mkwe wangu! Mtu ambaye nikipita barazani kwake husimama, ambaye katika miaka sita hajawahi hata kula mbele yangu. Hatukusema neno. Yeye aligeuka akarudi ndani ya choo, akabaki humo. Mimi nikaondoka na debe nusu. Alikuwa haji kwangu wiki mbili nzima, na Kijakazi alisema hata kula hali vizuri.

Na si mimi tu. Mtaa wetu watu wameoana nyumba kwa nyumba. Ukisimama dakika kumi kwenye bomba lile lazima utamwona mkweo, au shemeji yako, au mwalimu wa mwanao, katika hali ambayo hakupaswa kuonwa. Wanaume nao wakaanza kuona haya kuingia chooni mbele ya wanawake wenye madebe. Kwa hiyo bomba lilikikataza choo, na choo kililikataza bomba. Watu wakarudi vichakani kama zamani, na madebe yakarudi stesheni. Serikali ilikuwa imetupa vitu viwili kwa ustadi wa kuhakikisha hatupati hata kimoja.

Nikaitisha mkutano barazani kwa mzee Kombo, mkubwa wa mtaa. Nyumba zote zilikuja. Nilisema tusilitie mkono bomba lile hata kwa kunawa, mtu asiteke tone, mpaka lihamishwe. Kila nyumba ikakubali. Mzee Kombo akasoma Fatiha, tukapangusa nyuso, jambo likawa limefungwa. Ernesti alipeleka habari ofisini, akarudi na neno la Bwana Mkubwa wa maji: haamini maneno matupu, baada ya miezi miwili atakuja mwenyewe, na akithibitisha kwamba bomba halitumiki kwa sababu ya mahali lilipo, atatoa zile futi arobaini. Lakini iwe miezi miwili hiyo hiyo, kwa kuwa baadaye mafundi na gari wanahamia njia ya Pangani, na huko wakienda hawarudi.

Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Saleha. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Alikuwa anasuka mkeka, akasita na ukindu mkononi, akaniuliza, "Miezi miwili, mama?"

Nikamwambia ndiyo, miwili tu, na yote haya ni kwa ajili yake. Nilimwambia atakuwa anateka nusu debe, apumzike njiani, reli aivuke polepole. Ningekwenda mwenyewe, lakini mimi asubuhi nilikuwa jikoni na mchana bandarini nikiwauzia makuli wali na samaki, nikirudi alasiri miguu imevimba. Hivyo nilijieleza. Kiapo changu cha mwanzo, kile cha reli, nilikikunja nikakiweka pembeni, kwa sababu nilikuwa na kiapo kipya kilichoapwa mbele ya watu wengi zaidi. Aliinamisha kichwa akaendelea kusuka, nami nikachukulia kuwa ameridhika.

Miezi miwili ile nililichunga bomba kuliko mtu anavyochunga mahari. Kila alfajiri kabla ya kuwasha moto nilipita kulitazama. Nilifunga kipande cha ukindu kwenye kishikio chake, fundo langu la kwetu Mwera, ili atakayefungua lazima akate au afumue, nami nijue. Kila alfajiri fundo lilikuwa mahali pake. Sakafu chini ya bomba kavu. Nilichoona ni kwamba ukindu ulikuwa unachakaa upesi, ukilegea na kuchanika nyuzi, ikanibidi niubadilishe mara nne. Nikalilaumu jua.

Nilikuwa mkali, sikatai. Nilisimama barazani kwa watu nikawahimiza. Walipolalamika mwendo, niliwatajia Saleha wangu, mja mzito, anayekwenda na kurudi bila kunung'unika. "Mtazameni yule," nilikuwa nikisema, "ninyi mna kisingizio gani?" Wanawake wenzangu walikuwa wakitazamana na kusema kweli, Mama Idarusi, umepata mkwe. Nikayapokea maneno yale kama sifa.

Na kweli Saleha alinishangaza. Nilimwambia alete nusu debe. Nikirudi bandarini nakuta madebe mawili mtungini, mazima, kila siku. Nikimgombeza kwamba anajiua, anasema alipumzika njiani. Hakukonda. Miguu haikumvimba. Ile ngata yake ya kuwekea debe kichwani ilikuwa mpya vilevile. Nilimshukuru Mungu aliyempa nguvu, na maji yale nikayapenda kupita kiasi. Mgeni akija namtekea kwa kata ya kifuu, namwambia aonje, haya ni maji ya stesheni, yameletwa kwa miguu. Maji ya halali yana utamu wake. Siku moja Ernesti alipita na baiskeli, nikamwekea naye. Aliyanywa yote, akanitazama, akatazama mtungi, akasema ni mazuri. Nikamuuliza kama ameona tofauti na ya chooni. Akasema, "Mama, maji ya mji huu yote yatoka tanki moja." Nikaona ndiyo akili ya mtu aliyekulia kwenye mabomba, hajui ladha.

Siku ikafika. Ilikuwa Alhamisi, saa nne ya asubuhi, nami sikwenda bandarini. Mtaa mzima ulikuja, wanaume na kofia zao za kudarizi, wanawake na kanga za kutokea. Saleha peke yake hakuja. Alisema mgongo unamuuma. Bwana Mkubwa alishuka garini, Mzungu mwembamba mwenye kaptula na uso wa mtu asiyelala vizuri, akatuamkia kwa Kiswahili kibaya lakini kwa adabu. Mzee Kombo alimkaribisha, kisha akanipisha mimi, kwa kuwa jambo lilikuwa langu.

Nilizungumza vizuri. Sikutukana mtu. Nilimwonyesha sakafu kavu, nikamwonyesha fundo la ukindu, nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu mtu na mkwewe hawakutani mlangoni mwa choo. Alisikiliza, Ernesti akimfasiria, akawa anatikisa kichwa kwa kuelewa. Nakuambia kweli, nilikwishaliona bomba chini ya mkungu. Kisha akasema maneno machache kwa Ernesti, naye Ernesti akasita kidogo, akaenda pembeni ya ukuta, penye kifuniko kidogo cha chuma kilicholala ardhini.

Kifuniko kile tulikijua. Tangu kilipowekwa hakuna mtu aliyekikanyaga. Watoto tulikuwa tukiwakemea wakikisogelea, maana kila mmoja wetu alijua kuwa ni mdomo wa karo. Ernesti alipokiinua, wanawake walijifunika pua kwa kanga na Maalim Uweso akarudi nyuma hatua tatu. Hapakutoka harufu. Mle ndani mlikuwa na kitu cha shaba chenye kioo kama saa ya mkononi, na chini ya kioo tarakimu.

Ernesti alipangusa kioo kwa kidole, akasoma, akamwonyesha Bwana daftari. Kisha akatugeukia. Aliniangalia mimi, si mzee Kombo.

"Hii ni mita," alisema. "Yahesabu maji yapitayo kwenye bomba hili tu, choo kina yake huko nyuma. Tulipofungua, ilikuwa sifuri. Leo ni galoni elfu kumi na moja na arobaini."

Nikasema mita yake imeharibika. Nikasema basi bomba linavuja chini kwa chini, kama bwana afya alivyosema vyoo vyetu. Ernesti, bila kubishana, alinionyesha kijishale chekundu chini ya kioo, kimetulia tuli. Akasema maji yangekuwa yanavuja, kishale kingezunguka. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ndogo na ile ya choo je, inasemaje. Ernesti akajibu kwamba choo nacho kimetumika vizuri sana. Wanaume wote wakawa wanatazama viatu vyao.

Nilizitazama nyuso za watu wangu, na hapo ndipo damu iliponipanda. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa na haya, lakini hawakushangaa. Mimi ni mpika wali wa kuuza; hesabu za debe na kibaba siandiki, ninazo kichwani. Nikaanza kupiga pale pale, nimshike mwizi wangu. Debe moja galoni nne. Galoni elfu kumi na moja na arobaini ni madebe elfu mbili mia saba na sitini. Siku sitini. Madebe arobaini na sita kila siku. Na kwa desturi ya mtaa wetu nyumba hutumia madebe mawili, ya kupikia na ya kuogea kwa kubana. Nikagawa: nyumba ishirini na tatu.

Nikarudia. Niliitoa nyumba yangu kando kwanza, kwa kuwa hiyo ni safi, nikawagawia waliobaki. Hesabu ikakataa. Nikairudisha, ikakaa sawa.

Bwana Mkubwa alikuwa anaandika. Alisema, kupitia kwa Ernesti, kwamba amefurahi kuona watu wa Kwa Turki wanalitumia bomba lao, kwamba huzuni yetu ameielewa, lakini chuma ni kidogo na hawezi kukitoa kwa bomba linalotumika kila siku. Jalada limefungwa. Akatuaga kwa Kiswahili kile kile kibaya. Ernesti alibaki nyuma kufunga kifuniko, nami nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuna mita.

"Sikudhani mwafichwa, mama," alisema. "Kifuniko ki hapo hapo kweupe. Mngekifunua mngeona."

Tungekifunua! Mtaa mzima wenye macho, tumeshindwa kwa kuwa kila mmoja aliona haya kukiangalia kifuniko.

Watu walitawanyika bila kuniaga. Yote niliyapata baadaye, kipande kipande. Adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na kazini, wanawake walikuwa wakiteka. Nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na wa mwisho alipiga sakafu ufagio na kufunga ukindu. Alfajiri, mimi nikishapita, na baada ya isha, wanaume chooni, wanawake hakuna. Zamu nzuri kabisa, haikugongana hata siku moja, na ilipangwa bila mtu kuitisha mkutano. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja, aliyekuwa bandarini. Mgomaji nilikuwa mimi peke yangu, na mgomaji mwenyewe maji yale nilikuwa nayanywa na kuyasifu.

Nyumbani nilimkuta Saleha amekaa kwenye mkeka, tumbo mbele, kazi yake mapajani. Nilifunua mtungi nikatazama ndani, sijui nilitegemea kuona nini. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya tatu, mama. N'lifika relini n'kashindwa kuvuka. Miguu ilikataa pale pale nilipoanguka. N'karudi."

"Na fundo? Fundo langu umelijuaje?"

"Ulinifundisha mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipoolewa. Nami nikawaonyesha wenzangu."

Nilimwambia amenifanya kichekesho. Nilisema mengi, na mengine siyarudii. Nilisema nyumba ishirini na mbili zingenivunjia ahadi nisingeumia, lakini ya ishirini na tatu ni mlango wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia futi arobaini tumezikosa kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Miaka minne nyumbani kwangu, hajawahi kunijibu.

"Kiapo kilikuwa chako, mama," alisema. "Mtoto ni wangu."

Nami, mwenye ulimi wa mtaa mzima, nikaenda mlangoni. Nilikaa kwenye kizingiti. Nikawaza, kama Saleha angekuwa mkwe mtiifu, kama yule niliyekuwa nikiwatajia watu barazani, angekuwa amevuka reli ile mara mia moja na ishirini. Na kokoto ni zile zile. Nilimpigania apate maji karibu. Maji yalipokuja karibu nikayakataa na kumrudisha palepale alipompotezea mwanawe, kisha nikamsifu kwa kwenda. Nilijua mahali pale. Nilijua na nikamtuma. Hili sikupewa na ofisi ya mji.

Niliinuka nikachukua debe. Alitaka kuniuliza, nikamwambia akae. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka msikitini, baraza zimejaa. Nilipita katikati ya mtaa debe likigonga pajani, mbele ya mzee Kombo, mbele ya Maalim Uweso na tasbihi zake, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa choo. Ukindu niliukata kwa meno nikautupa. Nikafungua maji.

Debe halijafika nusu, mlango wa wanaume ukalia. Sikugeuka, lakini kivuli nilikijua. Alikuwa Safari. Nilimsikia amesimama, kopo mkononi, hajui arudi ndani au afe. Maji yalikuwa yanaendelea kujaa, na baraza zote zinatazama. Mtu mmoja ilimpasa aseme kitu, na kwa desturi mdogo ndiye huanza.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kijakazi hajambo?"

"Hajambo, mama."

Akapita zake. Basi. Hayo ndiyo yote yaliyohitajika, maneno ambayo hayangetuchukua hata dakika moja siku ile ya pili. Na badala yake tulisoma Fatiha, tukafunga mafundo, tukadanganyana siku sitini, na mabomba yakaenda njia ya Pangani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Rajabu, msichana, mzito, mwenye sauti kama ya bibi yake, wasema watu. Nilimwogesha mwenyewe kwa maji ya ukuta wa choo. Saleha alikuwa amelala ananitazama. Nilitaka kumwambia nilivyoyakalia maneno yake moyoni miezi yote ile, lakini nikaishia kumuuliza kama maji si ya baridi mno kwa mtoto. Akasema yako sawa, mama.

Bomba bado lipo pale pale, kati ya milango miwili. Kila mwaka naandikisha barua ya futi arobaini, na sasa naandikisha kwenye karatasi yake peke yake. Hawajajibu.